SOMO LA REDIO: HADUBINI YA BEI NDOGO NA PICHA IENDAYO MBALI

(Haya ni maneno ya somo kama yalivyosomwa redioni. Yamepigwa chapa ili wanafunzi wa madarasa ya watu wazima wayasome tena kwa utaratibu. Kabla ya kuanza, mwalimu awe na kipande cha plastiki angavu, kama ile ya kufunikia madaftari, maji kidogo katika kikombe, na ukurasa wenye maandishi.)

Mimi si daktari. Kazi yangu ni elimu, nami nimekuja kuwaeleza jambo moja la afya ambalo kila mtu mzima yampasa kulijua, kwa maana siku moja litamhusu yeye au mtoto wake.

Jambo lenyewe ni hili: mgonjwa akifika zahanati, mganga ajuaje ugonjwa alio nao? Na ikiwa zahanati iko mbali na hospitali kubwa, yawezekanaje ugonjwa huo utambuliwe na mtaalamu ambaye hajamwona mgonjwa kwa macho yake?

HOMA NI MOJA, SABABU NI NYINGI

Mtoto ana homa. Mama asema, "Hii ni malaria." Pengine ni kweli. Lakini homa ya malaria, homa ya matumbo, na homa ya kichomi zote huunguza mwili. Ukimgusa mtoto paji la uso, mkono wako hauwezi kukuambia ni ipi. Ukimpa dawa ya malaria mtoto mwenye kichomi, umempa dawa isiyo yake, na ugonjwa wake waendelea. Saa zapita, na kwa mtoto mdogo saa ni kitu kikubwa.

Kwa sababu hiyo lazima tupime. Na vitu vingi tunavyovipima ni vidogo mno. Damu yetu ina chembe nyekundu. Chembe hizo zaidi ya 120 zikipangwa mstari mmoja, urefu wake ni milimita 1 tu. Tazama milimita moja katika rula yako. Basi kijidudu cha malaria huishi ndani ya chembe moja ya hizo. Jicho la mtu, hata likiwa zima namna gani, haliwezi kukiona. Hapo ndipo tunapohitaji hadubini, yaani chombo cha kukuzia vitu vidogo.

TONE LA MAJI

Sasa, mwalimu, weka plastiki juu ya ukurasa wenye maandishi. Chovya ncha ya kidole katika maji, udondoshe tone moja dogo juu ya herufi "a". Kila mwanafunzi aje atazame.

(Kimya kidogo. Wanafunzi watazame.)

Mmeona nini? Herufi iliyo chini ya tone yaonekana kubwa kuliko wenzake. Tone la maji lina mgongo wa mviringo, na mgongo huo huipinda nuru inapopita. Nuru ikipindwa hivyo, kitu huonekana kikubwa. Kioo kilichochongwa kwa mgongo wa namna hiyo huitwa lenzi. Tena shikeni hili: lenzi ya mviringo kadiri inavyokuwa ndogo, ndivyo inavyokuza zaidi. Twataka kuona kitu kidogo sana. Basi punje ndogo ya kioo yaweza kutusaidia. Jambo hili tutalirudia mbele.

MUUZA NGUO WA DELFT

Katika mji wa Delft, nchi ya Uholanzi, alikuwako mtu aliyeitwa Antonie van Leeuwenhoek. Alizaliwa mwaka 1632. Alikuwa muuza nguo. Hakusoma chuo kikuu, wala hakujua Kilatini, ambayo ndiyo ilikuwa lugha ya wataalamu wa Ulaya zama zile. Lakini alijua kusugua vioo. Alitengeneza lenzi ndogo sana, akazibana katikati ya vibati vya madini, akazitumia kutazama maji, damu, hata uchafu wa meno.

Alianza kuwaandikia wataalamu wa London mwaka 1673, naye alikuwa amekwisha fika umri wa miaka 40. Mwaka 1676 aliwaandikia kwamba ameona ndani ya maji wadudu wadogo wasiohesabika. Wengi walistaajabu, wengine wakatia shaka, mpaka wengine nao walipotazama wakaona. Ndugu zangu mnaosema, "Mimi ni mtu mzima, elimu imenipita," mkumbukeni muuza nguo huyu.

Miaka mia mbili hivi ilipita kabla watu hawajajua sawasawa kwamba baadhi ya vijidudu huleta maradhi. Mwaka 1880 daktari wa jeshi la Ufaransa, Alphonse Laveran, akiwa Constantine huko Algeria, alitazama damu ya askari mgonjwa akaona kijidudu cha malaria. Mwaka 1882, mjini Berlin, Robert Koch alitangaza kwamba amekiona kijidudu cha kifua kikuu. Tangu siku hizo hadubini imekuwa jicho la hospitali.

KAZI YA MTU WA MAABARA

Hebu tufuate tone moja la damu. Mtu wa maabara humchoma mgonjwa kidole kidogo, akapaka damu juu ya kioo bapa. Huiacha ikauke, kisha huitia rangi ili vijidudu vijitenge na vitu vingine. Ndipo aweka kioo chini ya hadubini inayokuza mara 1,000. Kwa ukuzaji mkubwa hivyo, jicho laona sehemu ndogo tu ya damu kwa wakati mmoja. Kwa hiyo husogeza kioo kidogo kidogo, atazame sehemu nyingine, na nyingine. Kabla hajasema, "Hakuna malaria," humpasa atazame sehemu zisizopungua 100.

Basi fikirini. Wagonjwa ni 50, mtu wa maabara ni mmoja, na macho yake ni mawili. Huchoka. Pengine zahanati haina hadubini kabisa, kwa kuwa hadubini nzuri ni ghali, ni nzito, na yataka umeme. Pengine iko, lakini kipande kimoja kimevunjika, na kipande hicho chauzwa ng'ambo. Hadubini hukaa kabatini ikila vumbi.

Mtauliza, "Mbona siku hizi malaria hupimwa kwa kipimo cha haraka, kile cha kibao kidogo?" Ni kweli, na ni kipimo kizuri. Lakini hakisemi vijidudu ni wangapi. Tena chaweza kuonyesha alama ya malaria kwa majuma kadhaa baada ya mgonjwa kutibiwa na kupona. Hadubini huonyesha vijidudu vyenyewe, na huvihesabu. Kadhalika hutumika kwa minyoo, kichocho, kifua kikuu, na hata saratani. Kwa hiyo kazi yake haijakwisha.

VYOMBO VIPYA

Katika miaka ya karibuni wataalamu walijiuliza: je, haiwezekani kuwa na hadubini ya bei ndogo, iwezayo kubebwa mfukoni?

Tuanze na mwaka 2009. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, mjini Berkeley huko Marekani, walieleza jinsi walivyofunga lenzi kwenye simu ya mkononi, wakapiga picha za vijidudu vya malaria na vya kifua kikuu. Simu ina kamera. Kamera ni jicho. Simu ina njia ya kupeleka habari. Basi jicho hilo laweza kutazama hapa, na mtu akaona kule.

Mwaka 2014 Manu Prakash na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, huko huko Marekani, walitangaza hadubini ya karatasi iitwayo Foldscope. Karatasi ngumu hukatwa, hukunjwa, na ndani yake hutiwa lenzi ndogo. Vitu vyake vyote viligharimu chini ya dola 1 ya Kimarekani. Hutumika sana mashuleni, watoto wakatazama mbawa za nzi na maji ya dimbwi. Mnaona? Lenzi moja ndogo, kama ile ya muuza nguo wa Delft.

JARIBIO LA PEMBA

Sasa tuje kwetu, kisiwani Pemba. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa huko. Wataalamu walichukua punje ya kioo ya mviringo, upana wake milimita 3, bei yake kama dola 8. Waliibandika mbele ya kamera ya simu kwa gundi ya utepe. Chini ya kioo cha kupimia waliwasha tochi ndogo. Hiyo ndiyo ilikuwa hadubini yao.

Walipima choo cha watoto, sampuli 199, wakitafuta mayai ya minyoo. Kila kioo kilitazamwa kwa hadubini ya kawaida na pia kwa simu. Matokeo yalikuwa haya. Katika kila sampuli 100 zilizokuwa na mayai ya mchango, yaani ile minyoo mikubwa ya tumboni, simu iliyaona katika sampuli 81. Kwa minyoo myembamba ya umbo la mjeledi, simu iliona katika 54 hivi. Lakini kwa minyoo ya safura, iliona katika 14 tu.

Kwa nini tofauti kubwa hivyo? Yai la mchango lina ganda nene lenye rangi ya kahawia. Hujitokeza kama korosho juu ya mkeka. Yai la safura lina ganda jembamba, angavu kama maji. Punje ya kioo na tochi havikutosha kulionyesha.

Ndugu wasikilizaji, hapa tusimame kidogo, maana ndilo jambo kubwa la somo hili. Minyoo ya safura hunyonya damu. Mama mjamzito mwenye safura huishiwa damu, na kuishiwa damu wakati wa kujifungua ni hatari ya kufa. Mama huyo akipimwa kwa chombo kile, akaambiwa, "Huna minyoo," arudi nyumbani akiwa na minyoo yake, je, amesaidiwa? Hakusaidiwa. Wataalamu wa Pemba walifanya vema kuhesabu hata yale ambayo chombo chao hakikuyaona, wakayatangaza. Chombo cha bei ndogo ni kizuri, lakini lazima tujue kinaona nini na hakioni nini.

PICHA ISAFIRIYO KUTOKA KINONDO

Mfano wa pili ni wa Kinondo, katika Kaunti ya Kwale, pwani ya Kenya. Huko walipimwa wanawake 740 wanaoishi na virusi vya Ukimwi, kati ya mwaka 2018 na 2019. Walikuwa wakitafutwa dalili za mwanzo za saratani ya shingo ya kizazi. Saratani hii ikionekana mapema, yaweza kuzuiwa. Ikichelewa, huua. Lakini kuzisoma sampuli zake kwahitaji mtaalamu aliyesoma miaka mingi, na wataalamu hao ni wachache.

Basi katika zahanati ya Kinondo kiliwekwa chombo kidogo cha kupiga picha kioo kizima chenye sampuli. Picha hizo zilipelekwa kwa njia ya mtandao wa simu mpaka kwenye kompyuta iliyo mbali. Kompyuta ilikuwa imefundishwa, kwa kuonyeshwa mifano mingi, kutofautisha chembe zenye kasoro na chembe nzima. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Kompyuta ilizitambua zaidi ya 90 katika kila sampuli 100 zenye kasoro. Lakini pia ilishuku baadhi ya sampuli ambazo wataalamu waliona kuwa hazina kasoro. Kwa hiyo kompyuta hii ni kama mlinzi wa mlango: humwonyesha mtaalamu pa kutazama. Mtaalamu ndiye asemaye neno la mwisho.

Hiyo ndiyo maana ya kupima kwa mbali. Mgonjwa habebwi, wala kioo hakitumwi kwa basi. Picha ndiyo isafiriyo.

DAKIKA TATU ZA KAMERUN

Mfano wa tatu watoka Kamerun, Afrika ya Kati. Kuna ugonjwa uitwao usubi, unaopofusha watu waishio karibu na mito iendayo kasi. Dawa yake ni ivermectin, nayo ni dawa njema. Lakini katika misitu ya Afrika ya Kati kuna minyoo mingine, iitwayo loa, ambayo hutambaa hata ndani ya jicho. Watoto wa minyoo hiyo hukaa katika damu. Mtu akiwa nao wengi kupita kiasi, akameza dawa ile, hufa wote kwa pamoja ndani ya mwili, na mtu huyo aweza kuzimia, hata kufa. Kwa hiyo watu waliiogopa dawa, na usubi ukaendelea.

Wale wa Berkeley na wenzao walitengeneza chombo chenye simu ndani yake. Tone la damu ya kidole huwekwa katika kimrija cha kioo, simu hupiga picha zinazotembea, na huhesabu minyoo kwa jinsi inavyojinyonganyonga. Rangi haihitajiki. Jibu hupatikana kwa dakika zisizofika 3.

Mwaka 2015, katika wilaya ya afya ya Okola, walipimwa watu zaidi ya 16,000. Watu 340 walikutwa na minyoo mingi mno, wakaambiwa, "Wewe usimeze dawa hii." Wengine zaidi ya 15,000 walipewa dawa. Hakuna hata mmoja aliyepatwa na madhara makubwa. Hapo twaona faida ya kupima: wengi walipata dawa kwa salama, na wachache waliokuwa hatarini walijulikana mapema.

HADUBINI YA KUTENGENEZWA KWETU

Kuna hadubini nyingine iitwayo OpenFlexure, iliyobuniwa Uingereza. Mwili wake ni wa plastiki, nao huchapwa na mashine iwekayo plastiki tabaka juu ya tabaka, kama mfinyanzi anavyopandisha udongo wa chungu. Michoro yake hutolewa bure, yeyote aitumie. Mwaka 2020 ilielezwa kwamba zaidi ya 100 zilikuwa zimekwisha tengenezwa Tanzania na Kenya. Taasisi ya Afya ya Ifakara imeshiriki kuijaribu kwa ajili ya malaria. Hadubini hii husogeza kioo yenyewe na kupiga picha nyingi mfululizo, basi mtu wa maabara apumzishe macho yake.

Faida kubwa si bei tu. Kipande kikivunjika, kingine chachapwa hapa hapa. Fundi aliyeitengeneza aweza kuitengeneza tena.

MAMBO YA KUANGALIA

Sasa nitawapa mambo manne ya kukumbuka.

Kwanza, chombo hakifanyi kazi peke yake. Damu ikipakwa vibaya, au kioo kikiwa kichafu, picha nayo itakuwa mbaya, hata ikipelekwa mwisho wa dunia.

Pili, chombo kipya lazima kijaribiwe kwa kulinganishwa na kile cha zamani, kama walivyofanya Pemba.

Tatu, picha ya damu yako ni siri yako. Yafaa ipelekwe kwa namba, bila ya jina, nawe uelezwe inakwenda wapi na kwa kazi gani.

Nne, jibu lazima lirudi. Picha ikienda haraka na jibu likachelewa juma zima, mgonjwa hakupata faida.

YATUPASAYO SISI

Mtu aweza kusema, "Hayo ni ya wataalamu. Mimi nifanyeje?" Yako mengi. Ukiwa na homa, usinunue dawa dukani kwa kubahatisha. Nenda ukapimwe kwanza. Ukiambiwa lete choo au makohozi, lete katika chombo safi ulichopewa, na ulete mapema, kwa kuwa mayai ya safura yakicheleweshwa hayaonekani tena vizuri. Ukipewa jibu, uliza kwa heshima: "Bwana Mganga, umepima nini? Umeona nini? Kama hukuona kitu nami bado ni mgonjwa, tufanyeje?" Maswali haya si utovu wa adabu. Mganga mwema huyapenda. Na sasa kwa kuwa mwajua kusoma, cheti chenu kisomeni wenyewe kabla ya kutoka zahanati.

Somo letu limekwisha.

MANENO YA KUJIFUNZA (mwalimu ayaandike ubaoni)

Hadubini: chombo cha kukuzia vitu vidogo visivyoonekana kwa macho.
Lenzi: kioo chenye mgongo kinachopinda nuru.
Sampuli: kiasi kidogo cha damu, choo, au kitu kingine cha mwili kinachochukuliwa kupimwa.
Maabara: chumba cha kupimia.
Safura: ugonjwa wa kuishiwa damu uletwao na minyoo.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini hatuwezi kuijua malaria kwa kugusa paji la uso?
2. Kwa nini simu ya Pemba iliona mayai ya mchango kuliko mayai ya safura?
3. Huko Okola, watu 340 hawakupewa dawa. Je, walinyimwa haki, au walisaidiwa? Toeni sababu.
4. Zahanati yenu ingepewa hadubini ya bei ndogo, ni maswali gani mngeuliza kabla ya kuitumia?
5. Kila mwanafunzi aandike sentensi tatu za kumwambia jirani kwa nini apimwe kabla ya kumeza dawa.